Mwaka wa Zege la Mashapo

Wiki ile ile tuliyomzika Fundi Saleh, kijana mmoja wa mradi alikuja Rubavu kutufundisha kutengeneza zege kwa taka za viwandani. Alituweka katika ukumbi wenye viti vya plastiki, akawasha mashine ya kurushia picha ukutani, akatueleza kwamba saruji inapopikwa huko kiwandani hutoa hewa ya ukaa inayoharibu anga, na kwamba miji yetu inaweza kujenga mitaro, vijia na madaraja madogo kwa saruji nusu tu. Nusu nyingine, alisema, ni unga wa matofali yaliyovunjika, na ule udongo mweupe unaotupwa na kiwanda cha pombe baada ya kuchujia bia. Huo udongo mweupe aliutaja kwa sauti ya mtu anayefunua siri. Mimi nilikuwa safu ya tatu, mwanamke aliyepita hamsini, mwenye yadi yake ya matofali na magoti mabovu, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nilitaka kusimama nimwambie: mwanangu, huo udongo nimeubeba kichwani mwaka wa tisini na nane, maji yake machachu yakinitiririka mgongoni, kabla mama yako hajafikiria kukuzaa. Sikusimama. Nina mazoea ya kukaa kimya pale inapotakiwa niseme, na niliyapata mwaka huo.

Habari za kwetu na namna tulivyorudi kutoka Tanzania naziacha. Kila nyumba hapa ina hadithi yake ya kurudi, na zote zinachosha. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha kidato cha nne na Kiswahili kilichowachekesha watu wa mtaa wa Majengo, na nilikuwa nalala katika stoo ya chokaa nyuma ya nyumba ya Fundi Saleh. Kitanda changu kilikuwa mbao nne juu ya matofali. Asubuhi niliamka na nyusi nyeupe kama bibi. Ukuta mmoja wa stoo ulikuwa pia ukuta wa jiko la mke wake, Mama Zuhura, kwa hiyo niliamshwa na kinu chake akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na nilijua kabla ya kutoka kama siku hiyo kuna sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga au ni ugali wa muhogo mtupu. Fundi mwenyewe hakuwa mtu mpole, ingawa siku za msiba wake kila aliyesimama alimfanya mpole. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye majivuno, anayesema amejenga nusu ya Goma huku kila mtu akijua alijenga kuta mbili na choo cha shule. Lakini mikono yake ilijua kazi. Aliniita Tanzania tangu siku ya kwanza, na alinichukua kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulisomeka.

Hakuna aliyekuwa akifikiria anga mwaka huo. Tulifikiria barabara. Waasi walikuwa vilimani, malori yalikuja kwa msafara wenye askari mbele na nyuma, na saruji ilikuwa ikifika mara moja moja kama mgeni mwenye maringo. Fundi Saleh alikuwa amegundua, kwa kujaribu na kukosea miaka mingi, kwamba ule udongo wa kuchujia pombe ukianikwa, ukapangwa katikati ya matofali ndani ya tanuru na kuchomwa, hutoka na rangi ya waridi, mwepesi, na ukisagwa pamoja na vipande vya matofali na kutiwa chokaa kidogo unaweza kushika nafasi ya nusu ya saruji. Kiwanda kilifurahi kuondolewa taka zake. Lori lilizimwaga uani kwetu, nzi wakafuata, na harufu ya chachu ikaingia mpaka kwenye chai. Tulisaga kwa mashine kuukuu ya muhogo na kuchekecha kwa pazia la Mama Zuhura, ambalo hakulirudisha dirishani tena.

Fundi alikuwa Mwislamu wa kuzaliwa, na jirani zake wa msikitini hawakumwachia hilo. Jioni baada ya alasiri walikaa kibarazani wakingoja chai, na mimi nikichagua kokoto upande wa pili wa ua niliwasikia vizuri. Mwadhini, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ndiye aliyekuwa akianza. "Saleh, unataka kutuwekea pombe mbele ya musikiti?" Fundi hakuinua hata macho. "Pombe iko wapi? Moto imekula yote. Kile kinabaki ni udongo." "Lakini ilikuwa pombe." "Na we ulikuwa mulevi, na leo unaadhini." Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai, na mwadhini mwenyewe alicheka kuliko wote. Ulikuwa utani. Nasema hivi kwa sababu miezi michache baadaye watu wale wale waliusema bila kucheka.

Zege hili lilikuwa na tabia moja, na kijana wa mradi aliipitia haraka kwenye picha zake: huchelewa kushika. Zege la saruji tupu likikosa maji siku mbili tatu hulalamika lakini hukomaa. Hili la kwetu lilitaka kulowa siku kumi na nne mfululizo, asubuhi na jioni, chini ya magunia mabichi, kisha lipumzike mpaka mwezi utimie. "Hii inakunywa kama mutoto," Fundi alikuwa akiniambia. "Mutoto akikosa maziwa leo, huwezi kumupatia ya siku mbili kesho." Kwa hiyo alikuwa na desturi yake. Kila mfuniko wa mtaro, ambao yeye aliuita dale kama wazee wote waliofundishwa kazi kwa Kifaransa, ulichorwa tarehe kwa msumari ukiwa bado mbichi. Halafu kila siku, baada ya kuumwagilia, ulipigwa mstari mmoja wa chaki ubavuni. Mistari kumi na minne, basi. Msumari na chaki vilikuwa kazi yangu, na nilijivunia kama karani wa mahakama.

Mji ulikuwa na injinia wake, kijana mrefu aliyerudi kutoka Uganda, anayevaa buti safi kila siku. Alikubali kumjaribu Fundi kwa mifuniko arobaini ya mtaro wa soko. Ikishika, mitaro yote ya Gisenyi, mji wetu, ingekuwa yetu. Isiposhika, kazi ingekwenda kwa mkandarasi aliyekuwa tayari akimzungukazunguka. Fundi alinieleza hayo akila, mchuzi ukimtiririka kidoleni. "Tanzania, tukipata hii, mi na we tunafunika mji yote. We utasimamia yadi ya pili." Sikulala kwa furaha. Nilikuwa msichana anayelala juu ya matofali, na mtu ameniambia nitasimamia yadi.

Tulimwaga mifuniko arobaini kwa siku moja. Nilipokwisha kupiga mstari wa tatu, habari ikaja kwamba dada yake Fundi amefariki Goma. Alivuka mpaka na kanzu yake kwenye mfuko, akaniambia atarudi kesho kutwa. "Maji, Tanzania. Ata kama mvua ya mawe inanyesha, we mwanga maji." Baada ya siku mbili mpaka ukafungwa kwa sababu ya vita ya upande wa pili, naye akabaki kule. Wiki hiyo hiyo umeme ukakatika, pampu zikasimama, na maji ya bomba yakawa yanatoka kwenye bomba moja tu la mtaa, membamba kama uzi, saa mbili kwa siku.

Mifuniko arobaini na magunia yake ilitaka madumu kumi na mawili kila siku. Siku tatu za kwanza baada ya Fundi kuondoka nilipanga foleni na wanawake wengine, nikajaza, nikarudi, nikapanga tena. Siku ya tatu Dativa akanikamata mkono. Dativa alikuwa akiuza nyanya na vitunguu sokoni, mwanamke wa makamo, mcheshi, ambaye ulimi wake uliogopwa hata na askari. "Ee Tanzania, iko watu ngapi kwenu banakunywa bido kumi na mbili?" Nikamwambia ukweli, kwamba ni ya mifuniko. Akageukia foleni. "Mumesikia? Anapatia mawe maji! Batoto beetu banakufa na kiu na huyu ananywesha mawe!" Mmoja akasema "Yoo, Mana yanjye," yaani Mungu wangu, mwingine akacheka kicheko kibaya, na wote wakanitazama. Mtoto wa Dativa alikuwa mgongoni, midomo imempauka. Nilimpa dumu langu. Nikampa na la pili mwanamke aliyemfuata. Wakanishukuru kwa sauti kubwa, wakanipisha njia, na nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema sana. Kesho yake sikwenda bombani kabisa, kwa aibu.

Ningeweza kwenda ziwani. Hapa ndipo huwa najitetea, na hapa ndipo utetezi unapokatika. Ziwa lilikuwa chini pale, mwendo wa dakika ishirini kushuka na zaidi ya nusu saa kupanda na dumu kichwani, na askari waliruhusu watu kuteka asubuhi. Nilikwenda mara moja, nikapanda na dumu moja, shingo ikaniuma, na nilipotazama mifuniko arobaini na dumu langu moja nilikaa chini nikayanywa maji yale kikombe baada ya kikombe. Kisha nikajiambia mvua itanyesha. Haikunyesha. Nikajiambia zege ni zege, mbona wengine hawamwagilii hivi. Siku saba zilipita. Magunia yalikauka yakawa magumu, na mifuniko ikageuka kutoka rangi ya udongo mbichi ikawa nyeupe kama ukurutu. Siku ya saba jioni nilisikia mpaka umefunguliwa. Nilichukua chaki nikapiga mistari saba kwenye kila mfuniko kwa mkupuo mmoja, na nilikuwa mwangalifu kubadilisha mkono kidogo, huu mnene, huu mwembamba, ili ionekane ni siku mbalimbali. Mpaka leo sijui msichana mwenye akili kiasi hicho alishindwaje kupanda mlima na dumu.

Fundi alirudi asubuhi, kanzu imechafuka, ndevu zimeota. Hata hakumsalimu mkewe kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mifuniko, akaweka kiganja juu ya mmoja, akagonga kwa kifundo cha kidole, akagonga na mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji ya Mama Zuhura ya kuoshea vyombo. Akahesabu chaki. "Kumi na tatu," alisema. "Muzuri." Akaingia ndani kunawa. Siku ya kumi na nne aliimwagilia mwenyewe.

Injinia alikuja siku chache baadaye na buti zake safi, akasema wakubwa watatembelea soko Jumamosi na anataka mtaro uwe umefunikwa. Nilitegemea Fundi amjibu kwa ukali wake wa kawaida, kwamba mwezi haujatimia. Nilimsikia akisema, "Bon. Jumamosi." Nilishangaa, halafu nikajivuna: nilifikiri ameiamini mistari yangu.

Siku tisa mtaro ulikaa vizuri. Wakubwa walikuja, wakakanyaga, wakapiga picha. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, gari dogo la kubeba kabichi lilirudi nyuma kutafuta nafasi. Gurudumu likapanda mfuniko mmoja, mfuniko ukakatika katikati bila hata kelele kubwa, gari likainama upande, na Dativa, aliyekuwa amekaa na beseni lake la nyanya kwenye mfuniko wa pili, akabanwa mguu kati ya chuma na ukingo wa mtaro. Nilifika wakati wanaume wanainua gari. Sitaeleza mguu ule. Hospitali waliukata chini ya goti.

Injinia alikuja na askari wawili. Mwaka ule, mtu akivunja kitu cha serikali kwa makusudi hakuulizwa mara mbili, na askari walikuwa wakitutazama sote kama tuna mabomu mfukoni. "Fundi," Injinia alisema, "hii ni sabotage ama ni ujinga?" Fundi Saleh alichuchumaa, akachukua kipande cha mfuniko, akakisugua kwa kidole gumba. Kikamomonyoka kama ugali wa juzi. Alikisugua kwa muda mrefu. Kisha akageuka, mbele ya askari, mbele ya soko zima, akaniuliza, "Tanzania, ulimwanga maji siku ngapi?"

"Kumi na nne, Fundi."

Alinitazama. Ni mtazamo ambao nimeishi nao muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Kisha akamwambia Injinia, "Donc ni bujinga. Bujinga yangu. Nilipima mubaya."

Mifuniko yote arobaini ilipondwa kwa nyundo, na hata ile michache Fundi aliyoimwaga kwa majaribio mwaka uliotangulia, iliyokuwa imara kuliko mwamba, ikapondwa pamoja nayo, na wapondaji wakatoka jasho bila kujiuliza kwa nini ile inawatoa jasho. Kazi ilikwenda kwa mkandarasi wa saruji tupu, ambaye hakuwa na saruji ya kutosha, kwa hiyo nusu ya mitaro ya mji ilibaki wazi miaka na miaka. Sokoni na kibarazani hakuna aliyehitaji maelezo. "Pombe haibebe mutu," walisema, na mwadhini alilisema hilo kwa huzuni, kama aliyekuwa ameonya. Baada ya wiki Fundi alisimama mlangoni pa stoo, akasema kazi imekwisha, akanipa mfuko wa unga wa muhogo. Hakuwahi tena kuchoma ule udongo. Alimaliza maisha yake akibandika vigae kwenye bafu za watu.

Nilikwenda kumwona Dativa hospitali na chupa ya maziwa. Alikuwa amelala chali, mwembamba, ulimi wake ukiwa mzima. "Ule Mwislamu na pombe yake, Mungu atamulipa," alisema. Kisha akanishika mkono. "Lakini we, Tanzania, ulitupatiaka maji. We Mungu atakulipa vizuri." Nikamtilia maziwa kikombeni, nikaondoka. Nilipofungua yadi yangu mwenyewe, miaka mingi baadaye, nilitumia saruji tupu, mfuko kwa mfuko, ingawa nilijua njia bora na nafuu kuliko mtu yeyote katika wilaya hii. Watu walidhani ni kwa sababu napenda kazi imara. Nilikuwa siwezi kuushika ule unga. Na miaka yote hiyo nilijua jambo moja kwa uhakika: kwamba Fundi Saleh aliniokoa na askari wale kwa kuliua jina lake mwenyewe, na mimi nikaliacha life.

Kwa hiyo siku ya tatu baada ya maziko, nikitoka kwenye ule ukumbi wa viti vya plastiki, nilikwenda Majengo. Mama Zuhura alikuwa chumba cha ndani, ameanza eda, amekaa kwenye mkeka na mgongo ukutani. Wanawake wengine walipotoka kwenda kula, tulibaki wawili. "Tanzania," alisema. "Umezeeka." Nikasema sote tumezeeka. Kisha nikamwambia, bila kupumzika, kwa woga wa kuacha: kwamba sikumwagilia ile mifuniko, siku saba nzima, kwamba mistari ya chaki ilikuwa ya uongo, kwamba mumewe alibeba aibu yangu.

Hakushtuka. Alikuwa akikunja pindo la khanga yake, akaendelea kulikunja. "Tunajua," alisema.

"Mlijua lini?"

"Ile siku alitoka Goma. Aliingia hapa kunawa mikono, akaniambia, Tanzania hakumwanga maji, zile dale ziko kavu. Nikamuambia, basi umwambie Injinia, mumwange zingine. Akasema akimuambia atakosa mitaro yote, kazi itaenda kwa ule mwingine. Akasema, labda zitashika."

Niliuliza kwa nini basi aliniuliza mbele ya soko zima, kama alikuwa na jibu. Mama Zuhura akalikunjua lile pindo, akaanza kulikunja upya. "Alitaka kusikia. Alisema, kama yule mutoto atasema kweli, na mi nitasema yangu. We ukadanganya. Akaona muko sawa, naye akaficha yake."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na hapo hapakuwa na mtu wa kumwomba. Nilisikia hasira, kali kuliko ile ya ukumbini, kwa marehemu, kwa mwanamke huyu na khanga yake, kwa miaka yote niliyomwita mkombozi wangu mtu ambaye alikuwa akilinda mkataba. Sikusikia nafuu hata kidogo. Fundi alikuwa na kosa kubwa kuliko langu, lakini langu halikupungua. "Na Dativa?" nikauliza. "Dativa aliambiwa?"

"Na nani?" Mama Zuhura alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mi? We?"

Nilimpa pole tena, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, nikavaa viatu nikatoka. Dativa bado anakaa nyuma ya soko. Alikuwa kizingitini pake, gongo limeegemea ukuta, akipanga nyanya mafungu mafungu. Nilikwenda mpaka karibu yake kabisa, nimeshafungua mdomo. Aliinua uso, akanitambua, akacheka kwa furaha, akamwambia mjukuu wake kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba huyu ndiye yule mama mwema aliyewapa maji wakati wa vita. Mjukuu akanisalimu kwa mikono miwili. Nilimwitikia, nikanunua fungu moja la nyanya, nikaenda zangu.